Mililita Mbili

Ilikuwa Julai, ukungu umeikalia Barabara ya Thika
kama mgeni asiye na haraka.
Tulifika Mathari saa mbili kasoro: mama, mimi,
na kaka yangu Mwadime ndani ya koti la marehemu baba,
mikono ya koti imeipita yake.

Nekoye wa utafiti alitusomea fomu:
hutafaidika wewe mwenyewe moja kwa moja,
jina lako litakuwa nambari,
nauli ni shilingi mia tano.
Akatoa vijichupa viwili vyenye mstari wa buluu.
Temeni mate mpaka hapa.
Mililita mbili. Povu halihesabiwi.

Mwadime hakukawia.
Dawa anayomeza jioni humlowesha mto usiku kucha,
mate humtoka kama mtoto anayeota meno.
Tangu aache chuo, uhandisi, mwaka wa tatu,
huu ulikuwa mtihani wa kwanza kumaliza kabla ya wengine.
Akakiinua kijichupa dirishani:
"Na hizi sauti, zitaonekana humu?"
Nekoye hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.
"Sauti, hapana. Labda nyufa zinamopita."

Akatuchorea nyuma ya bahasha.
Si jeni moja iliyooza, kama jino la kung'olewa.
Ni mamia, pengine zaidi,
kila moja uzito wa punje ya wimbi,
na kila mtu ana zake, hata daktari, hata askari wa getini;
wengine tu walipimiwa zaidi,
kisha maisha yakaongeza konzi.
"Haba na haba," nikasema.
"Ndiyo. Na kibaba chenyewe hatujakijua.
Waliopimwa sana ni watu wa ng'ambo."

Mama alikuwa kimya, chupa kavu mkononi.
Miaka kumi na tisa amelibeba neno la shangazi kule Wundanyi:
kwamba alicheka matangani akiwa mjamzito,
cheko likamrudia tumboni.
Amelipa mbuzi. Amemlipa mchungaji wa Kariobangi na mafuta yake.
Ameambiwa pepo, ameambiwa bangi, ameambiwa malezi.
Sasa akauliza, bila kumtazama mtu:
"Kwa hiyo ni mimi?
Nimetoka kwenye kesi ya mizimu
niingie kwenye kesi ya damu?"

Fomu haikuwa na mstari wa swali hilo.
Nekoye alianza kusema jambo kuhusu karata na nasibu,
akaliacha njiani.
Nje, mashine ya kukatia nyasi ilikohoa, ikazima.

Mdomo wa mama ulikuwa mkavu kama gunzi,
na maji yamekatazwa, nusu saa kabla.
Ndipo Mwadime akamwinamia:
"Fikiria ndimu, mama. Zile mbichi
tulizoiba kwa Mghoi, na chumvi yako ukatuletea."
Akakunja uso. Akatema. Akatema tena.
Yalifika kwenye mstari, na kidogo juu.
Mimi sikuombwa. Nilimeza yangu.

Barazani akaenda bombani, akajaza mashavu maji,
na kabla sijajua alikuwa amemfungua mwanawe kifungo,
amempulizia kifuani, fuu, mara mbili,
kama bibi yake alivyoitoa hasira moyoni
kabla ya kumwombea mtu,
na maneno ya Kidawida chini chini:
uchungu na utoke, wangu kwanza.
Foleni ya dawa nzima iligeuka.

Mle ndani, cha mama na cha mwana
vilikuwa vinaingia barafuni,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
nambari zimefuatana, havijuani.

"Maji yana baridi," Mwadime alisema, akifunga koti.
Tukahesabu nauli. Ilitosha, ikabaki ya chapati mbili.
Tulikuwa watatu.
Mama alizikata kwa kukadiria, kama kawaida,
na kama kawaida kipande changu kilikuwa kidogo.